Mguu wa Emilian

Mshenga ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alikuwa mzee wa Nduguti, mwenye koti zito na adabu nyingi, na tangu aingie alikuwa amesifu nyumba, amesifu kuku, amesifu hata upepo. Alipofika kwenye paja la pili akaweka sahani chini.

"Mama mwenye nyumba, usinione mkorofi," alimwambia Agripina. "Nadhani kuna panya amefia darini."

Nyumba ile haikuwa na dari. Watu wote waliinua macho wakatazama mabati, wageni na wenyeji, kama vile panya angeweza kuning'inia pale.

"Ni kweli, baba," Agripina alijibu. "Tunamtafuta tangu asubuhi. Karibu mchuzi."

Emilian, mume wake, naye alitazama juu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, suruali imepigwa pasi, miguuni viatu vyeusi vya ngozi alivyoazimwa na mwalimu mkuu. Ilikuwa Julai na wageni wote walikuwa na masweta, lakini yeye jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Alipoulizwa jambo alicheka kidogo, akafumba macho, ndipo akajibu. Mzee wa Nduguti alidhani ni aibu ya baba anayetoa binti wa kwanza, akampenda kwa hilo.

Yunisi, dada mkubwa wa Emilian, alisimama akafungua madirisha yote mawili.

"Joto," alisema.

Hakuna aliyembishia, ingawa upepo ulioingia ulipeperusha vitambaa vya meza.

Mahari ilikubaliwa. Evodia, binti mwenyewe, aliitwa akaulizwa kama anawafahamu wageni hawa, akasema anawafahamu, vigelegele vikapigwa. Ikabaki baba mtu asimame awaage wakwe zake. Emilian alisimama kwa mguu mmoja, mkono begani kwa mkewe, akawapa mkono wote mpaka wa mwisho. Gari la wageni lilipopotea nyuma ya ua wa minyaa, akaanguka kitini.

"Nivueni," alisema.

* * *

Kiatu hakikutoka. Yunisi alivuta kisigino, Agripina akashika goti, kiti kikaburuzika sakafuni pamoja na mwenyewe. Mwishowe Agripina akaenda jikoni akarudi na kisu.

"Usikate!" Emilian alisema. "Kiatu cha watu hicho."

"Mwalimu atanunuliwa kingine."

"Kwa hela gani?"

Agripina alipasua ngozi ya kiatu kutoka kwenye kamba hadi kisiginoni. Kisu kiliteleza kikaingia mguuni, damu nyeusi ikachuruzika. Emilian hakushtuka. Alikuwa bado anakisikitikia kiatu.

Soksi ilitoka na ngozi. Harufu iliyofuata ilimfanya Evodia, aliyekuwa mlangoni na vyombo, ageuke akimbilie nje. Mguu ulikuwa umevimba kuanzia vidole hadi juu ya kifundo, una rangi ya zambarau yenye ukijani, na juu yake malengelenge makubwa yaliyojaa maji meusi. Kidole cha mwisho, kile kilichokuwa kimekufa tangu kabla ya mavuno, hakikuwa tena kigumu kama kipande cha mkaa. Kilikuwa laini na kinavuja. Agripina alibonyeza juu ya unyayo akasikia kitu kikisagika chini ya ngozi, kama chumvi ya mawe.

"Kinadondoka sasa," Yunisi alisema haraka. "Si ndivyo walivyosema kliniki? Kitadondoka chenyewe."

Ndivyo walivyosema. Emilian alikuwa na kisukari, na kidole kilipokufa kikawa cheusi, muuguzi wa kliniki aliwaambia wasikikate, wasikichokonoe, wasikitie maji. Kikae kikavu, siku moja kitaachia chenyewe, na kikibadilika wamrudishe mgonjwa. Nyumba nzima ilishika nusu ya maneno hayo. Jirani akiuliza hali ya mguu, jibu lilikuwa moja: kitadondoka chenyewe. Hata harufu ilipoanza, Agripina mwenyewe alijiambia kwamba wakati wake umefika. Alikuwa mwanamke wa kutimiza alichoagizwa, na alijua ameagizwa kungoja.

Lakini malengelenge hakuagizwa.

"Hii ngozi imeungua," alisema. "Wifi, mguu huu umeungua."

Yunisi alianza kuokota vipande vya kiatu.

"Nilimkanda," alisema. "Siku ulizokuwa unashinda mashineni kukamua alizeti. Maji, chumvi na muarobaini, kidole kilainike kiingie kwenye kiatu. Ulitaka awapokee wakwe amefunga khanga mguuni kama mwanamke mzazi?"

"Tuliambiwa maji hapana."

"Maji ya kuoga, najua. Kukanda ni dawa. Wewe ulipojifungua nani alikukanda? Si mimi? Ulikufa?"

"Yalikuwa ya moto kiasi gani?"

"Nilimwuliza." Sauti ya Yunisi ilishuka. "Kila nikichovya kitambaa nilimwuliza. Alisema hayachomi."

"Hayakuchoma kweli," Emilian alisema. "Ningesema."

Agripina alimtazama mumewe, kisha akakitazama kisu kilichokuwa na damu yake, kisu ambacho mwenyewe hakukisikia.

* * *

Kulipokucha Emilian alikuwa anatetemeka hadi meno yanagongana. Noel, kijana mwenye gari la kukodi pale Sepuka, alikuja mara moja alipopigiwa simu, akaingiza kichwa chumbani, akakitoa.

"Mama Evodia, gari hili kesho lina bibi harusi."

"Leo lina baba Evodia."

"Basi ongeza hela ya kuoshea. Harufu ikishika kiti haitoki."

Agripina aliongeza. Aliuzungushia mguu khanga mbili, juu yake akafunga nailoni ya mfuko wa mbolea na kuikaza kwa kamba, ili wasimchafulie mtu gari lake. Noel akatandika turubai la kuanikia alizeti kwenye kiti cha nyuma, akateremsha vioo vyote, wakaenda hivyo mpaka Singida mjini wakipigwa na upepo wa baridi usoni.

"Samahani, kijana," Emilian alisema kila walipovuka tuta.

"Usijali, mzee," Noel alijibu, pua ndani ya kola ya shati.

Daktari aliyewapokea aliitwa Godfrey. Alikuwa mdogo kuliko walivyotegemea, na alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala. Alikata nailoni kwa mkasi, akaitupa.

"Nani alifunga hivi?"

"Mimi," Agripina alisema. "Kwa ajili ya harufu."

"Harufu umeizuia. Wadudu umewapa nyumba yenye joto." Aliinama, akapitisha vidole juu ya uvimbe, akapanda navyo hadi katikati ya muundi, akasimama hapo. "Na haya ni malengelenge ya moto. Alikandwa. Nani alimkanda?"

Yunisi alikuwa amesimama kando ya kitanda, mikono ndani ya kitenge. Emilian alifumba macho. Agripina aliona kwamba neno moja lingetosha.

"Alikandwa nyumbani," alisema.

Yunisi aligeuka akamtazama, na hakuonekana kama mtu aliyesaidiwa.

Daktari hakuendelea na swali hilo. Aliwatoa kando, wanawake wote wawili.

"Mama, unakausha michembe?"

"Viazi? Nakausha," Agripina alisema.

"Ikikauka vizuri inakaa kiasi gani?"

"Mpaka msimu mwingine."

"Ikinyeshewa?"

"Inaoza yote. Hata ile ambayo haikuloa."

"Kile kidole kilikuwa mchembe. Kilikufa kwa sababu damu haifiki, lakini kilikufa kikavu, hakina madhara makubwa. Sisi tunaita gangrini kavu. Sasa imekuwa ya majimaji. Ngozi imefunguka, wadudu wameingia, wamekuta unyevu na damu yenye sukari. Wanaozesha kuelekea juu, tena wanakwenda haraka. Sumu yao inaingia kwenye damu inapelekwa mwili mzima. Ndiyo maana anatetemeka. Ndiyo maana moyo wake unakimbia hivyo. Baadaye presha itashuka, figo zitaacha kutoa mkojo, kichwa kitavurugika. Mkiona hayo mjue kinachokufa si mguu tena, ni yeye."

"Mpeni dawa," Yunisi alisema.

"Ziko kwenye dripu, na ya sukari pia. Lakini dawa inabebwa na damu, na pale damu haifiki. Nyama iliyooza haiponi, mama. Inaondolewa."

"Kidole?"

"Mguu. Leo naweza kukata chini ya goti. Kesho sina uhakika na goti."

"Huyu ni mkulima."

"Marehemu halimi."

Yunisi alijivuta akasimama wima. "Kijana, shikamoo hujanipa, unaniletea habari za marehemu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mguu ukatwe leo," Daktari Godfrey alisema.

* * *

Emilian alikuwa bado na akili zake mchana ule. Aliulizwa na daktari, mbele ya wote, kama amekubali. Alifikiri sana. Alikuwa ameogopa kwanza, kisha akaona aibu ya kuogopa, kisha akafanya alichokifanya maisha yake yote kila jambo lilipokuwa zito.

"Nitasikiliza dada anasemaje," alisema.

"Hakatwi mtu," Yunisi alisema. "Dawa zifanye kazi kwanza."

Mama yao alifariki Emilian akiwa hajaanza hata kutembea vizuri. Yunisi ndiye aliyembeba mgongoni akienda kuchota maji, akimtafunia viazi, akimpiga na kumfuta machozi kwa upande ule ule wa khanga. Watu wazima wa ukoo ule walimwita Emilian "mtoto wa Yunisi", wala hakuna aliyecheka. Sasa mwanamke huyu alikaa kwenye benchi la korido akitazama sakafu, na ndani yake alikuwa anafanya hesabu ambayo hakumwambia mtu. Mguu ukipona, basi yale yalikuwa maji tu. Mguu ukikatwa, kila atakayemwona Emilian na magongo atamwuliza ilikuwaje, na siku moja mtu atamjibu.

Kwa hiyo mguu ulitakiwa upone.

Alimpigia simu Stefano, mdogo wao wa mwisho, wa mama wa kambo, akaweka sauti ya nje ili Agripina asikie.

"Wanataka kumkata ndugu yako."

"Nani amekubali?"

"Hakuna bado."

"Na asikubali mtu," Stefano alisema. "Shemeji yupo hapo? Shemeji, nakuheshimu. Lakini sikiliza. Ukikubali wewe, na kaka akifia mezani, usirudi Sepuka kulia na sisi. Shamba ni la baba yetu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shemeji," Agripina alisema. "Wewe unakuja lini kumwona?"

"Nina vibarua kwenye vitunguu. Nitakuja."

Wodini mambo hayakuwa mazuri. Kijana aliyevunjika paja kwa pikipiki, kitanda cha pili, alimwita muuguzi kwa sauti ya kusikika na wote. "Sista Jesca, nihamishe mimi au muhamishe huyo mzee. Chakula hakipiti." Mama yake kijana huyo alinyunyiza marashi hewani, mara mbili, mara tatu, mpaka harufu ya marashi na ya mguu zikawa kitu kimoja, kibaya kuliko mwanzo. Jesca alikisukuma kitanda cha Emilian hadi mwisho, karibu na mlango wa choo.

"Wamenitenga kama ng'ombe mwenye homa ya mapafu," Emilian alimnong'oneza mkewe, akajaribu kucheka. "Mwambie mama yule ayaweke marashi. Ni ghali."

Daktari alirudi jioni akauliza. Emilian alisema dada bado anafikiri. Daktari alichora mstari kwa kalamu ya wino pale wekundu ulipoishia, kiganja kimoja chini ya goti, akaondoka.

* * *

Asubuhi wekundu ulikuwa umeuvuka mstari na kufika kwenye goti. Mfuko wa mkojo uliotundikwa chini ya kitanda ulikuwa na maji kidogo, meusi kama chai iliyochacha. Agripina alimwinua mumewe kichwa ampe uji.

Emilian alimtazama usoni kwa muda.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Emilian."

"Shikamoo. Mbuzi wote wamerudi. Nimewahesabu."

Katika nyumba zote za kule hakuna mume anayempa mkewe shikamoo, hata kwa utani. Agripina alirudisha kijiko kwenye bakuli. Kisha akatoka nje.

Yunisi alikuwa kwenye bomba nyuma ya wodi, mahali ndugu wa wagonjwa wanapofulia. Alikuwa anafua shuka aliyolalia Emilian, anaisugua pale pale penye doa, doa lisilotoka.

"Wifi, amenipa shikamoo," Agripina alisema.

Yunisi aliendelea kusugua.

"Umenisikia? Amenipa shikamoo, amesema mbuzi wamerudi. Akili yake imeondoka. Daktari alituambia itaondoka, na ikiondoka ndiyo mwisho wa kungoja. Nakwenda kumwambia akate."

"Emilian amesema nisikilizwe mimi."

"Emilian wa jana. Wa leo ana miaka minane anachunga mbuzi."

"Akifa je?"

"Atakufa hata nisipokwenda. Tofauti ni kwamba nikienda, mtasema nimemwua mimi. Sawa. Semeni. Shamba mchukue, Evodia anaolewa, mimi nitapanga chumba nipike maandazi. Nimeshafikiri usiku kucha, sikuja hapa kufikiri tena."

"Basi umekuja kufanya nini, kama umeshaamua?"

"Nimekuja kukuomba usinizuie mlangoni. Ukisimama pale ukapiga kelele, daktari atasita, na hatuna muda wa mtu kusita. Na mimi nitakuambia neno moja." Agripina alisogea karibu. "Yale maji, sitayasema. Kwa Stefano, kwa Evodia, hata kwa Emilian mwenyewe akipona. Watasema niliukata mguu wa mtu nikiwa na haraka ya ujane. Waache waseme."

Yunisi aliacha kufua. Povu lilikuwa likimtiririka kwenye viwiko.

"Unanihonga," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nilimlea mtoto yule! Nilimkanda tangu yuko hivi!" Alionyesha kwa mkono wenye povu, chini kabisa, karibu na saruji ya sakafu ya bomba. "Akianguka namkanda, akivimba fizi namkanda. Maji yangu hayajawahi kumdhuru. Alisema hayachomi, Agripina. Alikuwa anacheka. Alisema, dada, ongeza kuni."

"Najua. Mimi nilikaa na harufu wiki nzima nikingoja kidole kidondoke. Na nikamfunga nailoni. Tutahesabiana baadaye."

Yunisi alikamua shuka. Aliikamua mpaka haikutoka hata tone, na bado akaendelea kuikamua. Kisha akaitundika kwenye kamba, akakaa kwenye tofali, akageuzia uso ukutani.

"Nenda," alisema. "Mimi sijakuona."

Agripina alikimbia.

* * *

Daktari Godfrey hakumsuta. Alisema mke anatosha, wengine ni washauri tu, akamwonyesha mahali pa kuweka sahihi, na kabla wino haujakauka Emilian alikuwa anasukumwa kwenye korido akimuaga kila mtu kwa heshima, hata mpiga deki.

Aliporudi kutoka chumba cha upasuaji daktari alivua kofia yake ya kijani, akajiegemeza ukutani.

"Nimepita juu ya goti," alisema. "Jana ningeliokoa goti. Goti ni kitu kikubwa, mama, mtu mwenye goti anatembea na mguu wa bandia kama wewe na mimi. Yupo hai. Presha bado ya kubahatisha. Kesho ndiyo tutasema amepona au hajapona."

"Asante, daktari."

"Usinishukuru bado. Mguu mwingine una ganzi vilevile. Uangalie kila siku, mpaka katikati ya vidole. Yeye hatakuambia kitu, maana hasikii."

Siku iliyofuata Emilian alifungua macho na akili zikiwa zake. Alitazama dari, akatazama dripu, mwisho akateremsha macho kwenye shuka, pale ambapo palikuwa na mlima mmoja tu badala ya miwili.

"Nani alikubali?"

"Mimi."

"Dada?"

"Mimi, nimekuambia."

Aligeuza uso. Machozi yalimtoka kimya kimya yakaingia sikioni, na alikuwa dhaifu mno hata kuyafuta.

"Ungeniacha," alisema. "Nitasimamaje kanisani siku ya Evodia? Wakwe waliniona mzima."

"Walikuona unaoza, wakadhani ni panya. Fungua mdomo. Uji unapoa."

Hakufungua. Agripina akashika kijiko hapo hapo mbele ya midomo yake, mkono umenyooka, mpaka uji wa kijikoni ukapoa. Ndipo akafungua.

Yunisi aliyaona yote kutoka mlangoni, hakuingia. Sista Jesca alimkuta pale.

"Mama, wewe ni ndugu wa mzee Emilian? Ule mguu. Tunauteketeza hapa au mnauchukua mkazike?"

"Kuuteketeza ni kuuchoma moto?"

"Ndiyo, mama. Tuna tanuri."

Yunisi alishika fremu ya mlango.

"Hapana," alisema. "Usichomwe tena. Nipeni."

* * *

Stefano hakuwa ameenda mjini. Alikuwa nyumbani Sepuka, uani kwa Emilian, na wanaume wanne wa ukoo, na walikuwa wameshaongea mengi kabla Yunisi hajafika na ndoo yenye kifuniko kilichobanwa kwa plasta. Aliwaambia anataka shimo.

"Dada, hapa hapachimbwi," Stefano alisema. "Kumchimbia mtu aliye hai ni kumwita. Mpelekee huyo aliyekubali akatwe. Achimbe kwao."

"Ameshakaa hapa miaka mingapi? Kwao ni wapi?"

"Kwao ni kwao. Mwanamke hakusubiri hata siku mbili! Alikuwa na haraka gani? Sisi hatukuambiwa, wewe hukusikilizwa, mtu mzima anakatwa kama mti wa fensi."

Wanaume walitikisa vichwa. Mmoja alisema shamba ligawanywe mapema kabla mwanamke hajarudi na maneno ya serikali. Yunisi aliweka ndoo chini. Alikuwa amepewa kitu pale bombani, ahadi ya Agripina, na angeweza kukaa nacho mpaka kufa. Hakuna mtu angemnyang'anya.

"Hakukata kitu kilicho hai," alisema. "Nilikuwa nimeshakiua mimi."

"Unasemaje?"

"Nilimkanda. Kidole kilikuwa kikavu, wametuambia tusikiloweshe, mimi nikakiloweka na maji yanayochemka ili avae kiatu cha mwalimu. Mguu hausikii moto. Nikauchoma kama ninavyochoma kuku kumnyonyoa, yeye anacheka, mimi nacheka. Halafu daktari akasema ukatwe chini ya goti nikasema hapana, na goti likaenda kwa hapana yangu. Agripina alijua yote. Hakusema. Sasa Stefano, ukitaka kumfukuza mtu kwenye shamba la baba, nifukuze mimi, maana mimi ndiye niliyemkata ndugu yako mara mbili."

Mmoja wa wazee alikohoa akasema ana ng'ombe wa kunywesha. Mwingine akamfuata. Hakuna aliyeshika jembe.

Akalitwaa mwenyewe. Alikwenda ng'ambo ya njia, kwenye kishamba chake, mabua ya alizeti yakiwa bado yamesimama makavu, akachagua mahali karibu na mpaka. Ardhi ya Julai ni ngumu kama saruji. Jembe liligonga likaruka, likagonga likaruka. Alikuwa mwanamke mzee, na ilimchukua mchana wote kupata shimo la kufika magotini. Upande wa pili wa njia Stefano alikaa kwenye kinu kilichoinamishwa akimtazama, na mara moja alisimama kama anayetaka kuja, kisha akakaa.

Mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli kutoka mnadani aliona mwanamke anafukia udongo peke yake bila waombolezaji, akashuka. Aliiegemeza baiskeli kwenye mnyaa, akavua kofia.

"Poleni sana, mama. Nani ametutoka?"

"Hakuna," Yunisi alisema, akiukanyaga udongo kwa miguu. "Emilian yupo mjini. Anakunywa uji."

Mzee alitazama kifusi, akamtazama Yunisi, akabaki na kofia mkononi, hajui kama airudishe kichwani.